Ardhi ya Siku Ile: Namna ya Kuandaa Uwanja wa Waterloo kwa Mchezo wa Mezani

Kilima kilikaa vizuri mpaka nikakipenda. Kilikuwa kaskazini mwa ramani, kando ya njia panda, kimesimama peke yake kama kichuguu katikati ya shamba la dengu. Rafiki yetu mwendesha bajaji, ambaye siku hiyo ndiye alikuwa Wellington, jemadari wa Waingereza, alishapanga mizinga yake juu. Tulikuwa wanne sebuleni kwangu Isamilo, Mwanza, Jumapili mchana, na dadu zilikuwa bado hazijarushwa. Mwalimu wa historia akainama, akakitazama kile kilima kwa muda, akauliza: "Dada, hiki kilikuwepo?"

Hakikuwepo. Vita ya Waterloo ilipiganwa Ubelgiji tarehe 18 Juni 1815, Napoleon na Wafaransa wake upande mmoja, Wellington na Waprusia waliokuja kumsaidia upande wa pili. Kilima kile ni ukumbusho, kimerundikwa kwa udongo kwa amri ya Mfalme William I wa Uholanzi, mahali mwanawe alipopigwa risasi ya bega siku ile. Kina urefu wa takribani mita 40, juu yake amesimama simba wa chuma, na kazi ilikamilika 1826. Mimi nilichukua vimo kutoka data za setilaiti, nikachora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, nikakata maboksi, nikabandika. Askari wa 1815 nikawapa kilima cha 1826 wakiwekee mizinga.

Tuliahirisha mchezo. Usiku ule niling'oa kilima kwa kisu nikidhani nimemaliza, kumbe kosa lilikuwa na nusu ya pili. Udongo wa kujengea kilima kile ulitoka wapi? Ulichotwa palepale, kwenye mgongo wa ardhi ambao Wellington alijificha nyuma yake. Kwa hiyo data yangu ilikuwa imeongeza kilima na papo hapo imepunguza mgongo, na huo mgongo ndio vita yenyewe.

Tangu hapo nimetengeneza uwanja huu mara tatu. Hapa naeleza ninavyofanya sasa, kwa yeyote anayetaka kucheza vita vya Napoleon kwenye ardhi iliyo sawa na ile waliyoikanyaga.

Anza na tarehe na saa

Kabla ya kalamu nyingine yoyote, naandika juu ya karatasi: *18 Juni 1815, saa 5 na nusu asubuhi*. Huo ndio wakati mapigano yalipoanza. Kila kitu nitakachoweka kwenye ramani lazima kijibu swali la mwalimu: hiki kilikuwepo saa hiyo?

Sisi wa huku Ziwa Victoria tusingehitaji kufundishwa jambo hili. Nimezaliwa Igombe. Baba alikuwa akitupeleka ufukweni kuchota maji, anatuonyesha kisiki ndani ya ziwa, mbali kidogo na pwani, anasema, "Pale ndipo palipokuwa na mihogo ya babu yenu." Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na mashamba mengi ya kando yakaenda na maji. Mtu akitaka kuchora Mwanza ya Julai 1916, Waingereza walipoingia kuwafukuza Wajerumani, akatumia ufuko wa leo, atawashusha askari mahali ambapo siku ile palikuwa nchi kavu. Ubelgiji haina ziwa letu, lakini ina wakulima, wakata miti, wajenzi wa barabara na wafalme wenye kumbukumbu zao. Miaka mia mbili ni mingi kwa shamba.

Ramani za kuamini, na kwa jambo gani

Kazi yangu ya kila siku ni kuchora ramani za viwanja kwenye ofisi ya wapima ardhi, kwa hiyo naanza na tabia ya kikazi: kila ramani naiuliza ilichorwa lini, na mchoraji alikuwa anatafuta nini.

Kwa Waterloo ipo ramani ya Ferraris, iliyopimwa kati ya 1770 na 1778, wakati nchi ile ikiwa chini ya Austria. Ni karatasi 275 zilizochorwa kwa mkono na kupakwa rangi, kwa skeli ya 1:11,520, na Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji imeziweka kwenye intaneti bure. Ukiifungua utasimama kidogo kwa uzuri wake. Bustani zina mistari, malisho yana kijani chake, kila nyumba ina doa jekundu. Iamini kwa barabara, majengo na mipaka ya misitu, ukikumbuka kwamba ina umri wa miaka 40 kabla ya vita. Kwa vimo usiiamini. Wachoraji wa wakati ule walionyesha mteremko kwa vistari vifupi vifupi: unajua ardhi inashuka, hujui inashuka mita ngapi.

Ya pili ni ya Willem Benjamin Craan, mpima ardhi wa Brabant, iliyotoka 1816. Hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu aliipima ardhi kabla haijachimbwa kwa ajili ya simba. Ukibishana na mtu kuhusu mgongo wa Wellington, mpelekee Craan.

Ya tatu ni vimo vya leo. Usichukue data za setilaiti za dunia nzima kama nilivyofanya mimi. Zile hupima vilele vya miti na mapaa ya nyumba, kwa hiyo kila msitu unageuka kuwa kilima. Serikali ya jimbo la Wallonia imeupima mkoa wake kwa leza kutoka angani na matokeo yako wazi kwa umma. Leza hupenya kati ya majani na kufika chini, unaona hadi mfereji wa kando ya shamba.

Halafu yupo Luteni William Siborne. Huyu Mwingereza aliishi kwenye shamba la La Haye Sainte kwa miezi minane mwaka 1830 akipima uwanja wote, ili atengeneze mfano mkubwa wa vita ile. Mfano wenyewe ulionyeshwa kwa umma 1838, na leo uko kwenye makumbusho ya jeshi la nchi kavu, London. Aliwaandikia barua maofisa waliokuwa bado hai akiwauliza walisimama wapi jioni kama saa 1, na shambani kwao palikuwa pameota nini. Hilo swali la mazao ndilo linalonifanya nimpende. Ila kumbuka alipopima, 1830, kilima cha simba kilishasimama na mgongo ulishachotwa, hata yeye ilimbidi airudishe ardhi kwa akili.

Zote hizi naziweka moja juu ya nyingine kwenye programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, QGIS, ambayo ni ya bure. Chagua alama ambazo hazikuhama: kona ya ukuta wa makazi ya Hougoumont, jengo la La Haye Sainte, nyumba ya La Belle Alliance iliyokuwa upande wa Wafaransa, njia panda ya barabara ya Brussels na ile ya Ohain. Ukibana alama tatu, ya nne itakuwa imepishana kidogo, maana karatasi ya zamani hunywea na kuvutika. Kwenye skeli nitakayoeleza hapa chini mita 25 ni sentimita moja ya meza, kwa hiyo usipoteze siku nzima kutafuta mita tano.

Plaiwudi moja

Karatasi ya plaiwudi ya dukani ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Nikisema sentimita moja ni mita 25, napata uwanja wa kilomita 6.1 kwa kilomita 3 na kidogo. Waterloo inaingia kwa kubana: Hougoumont upande wa magharibi, makazi ya Papelotte na Frichermont mashariki, nyuma ya mgongo wa Wellington kaskazini, kijiji cha Plancenoit kusini. Usikubali kukata Plancenoit ili upate nafasi. Waprusia wa Blücher walipigania kijiji kile jioni nzima, na Napoleon alilazimika kupeleka huko sehemu ya Gadi yake, askari wake bora. Ukikikata, umemwondolea Mfaransa tatizo lake kubwa kuliko yote.

Skeli hii inasema pia askari wako wakae vipi. Kikosi cha watu 600 wakisimama safu tatu kinachukua kama mita 120 kwa upana, ambazo ni chini kidogo ya sentimita 5 mezani. Vibao vyetu vya askari fundi seremala wa Nyakato, ambaye ndiye wa nne katika kundi letu, alivikata kwa kipimo hicho. Kama vibao vyako ni vipana kuliko hivyo, badili skeli sasa, kabla hujapaka gundi.

Kimo, na taa iliyonifundisha

Tofauti kati ya bonde na migongo ya Waterloo haifiki mita 30. Mita 20 kwa skeli yetu ni milimita 8. Ukiijenga hivyo kwa uaminifu, mtu akisimama wima kuitazama ataona ubao ulionyooka, na atacheza kama yuko kwenye uwanja wa mpira wa Kirumba. Kwa hiyo nakuza kimo mara mbili, wala sizidishi. Siborne naye alikikuza. Ukienda mara nne au tano unapata milima, na vikosi vinaanza kuteleza kila mtu akigusa meza.

Kwa ukuzaji huo boksi langu la kawaida, lenye unene wa milimita 4, ni sawa na mita 5 za ardhi. Tabaka moja, kontua moja. Maboksi nayaokota kwa wauza viatu wa Makoroboi. Gundika kwa gundi ya mbao, weka mizigo juu usiku mzima, na usiache ngazi zibaki: changanya unga wa mbao na gundi mpaka uwe kama ugali mlaini, jaza kila ngazi, kausha, piga msasa. Ngazi ni jabali, na jabali Waterloo hakuna hata moja. Majabali ni yetu hapa Mwanza.

Ila kontua za mita 5 zinaruka kitu muhimu kuliko vyote, yaani mikunjo midogo. Mkunjo wa mita mbili unaficha mtu mzima. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimpelekea kaka yangu uji machungani, kwenye mbuga ile nyeusi inayoonekana tambarare kama sakafu. Ng'ombe ishirini walikuwa wanapotea machoni pangu, nabaki kuona pembe tu zikitembea juu ya majani, halafu hata pembe hakuna, na mimi nasimama na kibuyu nisijue niende wapi. Mtu aliyeiona mbuga ile kutoka barabarani angeapa kwamba haina bonde.

Mikunjo ya aina hiyo naijenga kwa jalada gumu la faili. Matabaka manne yananipa milimita 1.6, ambazo kwa kimo chetu ni mita 2. Pitia data ya leza polepole, hasa kati ya La Belle Alliance na La Haye Sainte, na uweke kila mkunjo unaouona hata kama kwa jicho la juu unaonekana si kitu.

Sasa taa. Siku moja umeme ulikatika kama saa 2 usiku nikiwa bado napiga msasa. Nikawasha tochi ya simu, nikailaza mezani karibu na La Belle Alliance, nikainuka kutafuta mshumaa. Nilipogeuka nikaona uwanja wote umechorwa upya. Upande wa mbele wa mgongo wa Wellington uling'aa, na nyuma yake palikuwa na giza refu, kama shuka jeusi lililotandikwa kutoka ukingoni. Lile giza ndilo alilokuwa amelichagua. Vikosi vyake vingi alivilaza nyuma ya ukingo, mahali ambapo mshika mzinga wa Kifaransa hakuwa na cha kulenga.

Na giza lile lilikuwa na tobo. Magharibi ya njia panda mwanga ulivuka ukingo, ukamwagika mpaka nyuma kabisa. Nikajua hapo ndipo pale palipochotwa udongo.

Kuparudisha nilifanya hivi. Nilitafuta ardhi ambayo haikuguswa pande zote mbili za sehemu iliyochimbwa, nikaziunganisha kontua zake juu ya lile tobo, nikalinganisha na vistari vya Craan, kisha nikainua kwa majalada, tabaka kwa tabaka, nikijaribu kwa taa kila mara mpaka giza likaungana.

Simu lakini ni ndefu mno kwa kazi hii. Balbu yake inakaa juu kama mnara. Chukua kibalbu cha LED kutoka tochi iliyokufa, toboa ubao mahali pa jicho, kizamishe mpaka kichwa chake kibaki juu ya ardhi milimita 1.2 kwa mtu aliyesimama, au karibu milimita 2 kwa ofisa aliye juu ya farasi. Nyaya zipite chini ya ubao. Mimi nimetoboa matundu saba: matatu kwenye safu kubwa ya mizinga ya Wafaransa, na moja moja kwa La Belle Alliance, njia panda, Hougoumont, na upande Waprusia walikotokea. Zima taa za nyumba, washa kimoja, tembeza penseli kwenye mpaka wa kivuli. Mistari hiyo ya penseli inamaliza mabishano yote ya "mimi nakuona" na "hunioni".

Mazao

Ilikuwa Juni, na mashamba mengi yalikuwa na rai, nafaka ya jamaa ya ngano ambayo wakati ule ilirefuka kufikia kifua cha mtu na hata kumzidi. Anayejua mtama uliokomaa anajua maana yake: unaingia, unasikia mwenzako anaongea hatua kumi mbele, humwoni. Wapo askari waliosimulia kwamba hawakumwona adui mpaka alipokuwa karibu kabisa.

Kwa kimo chetu rai ni milimita 1.3 tu. Usipande mabrashi marefu mezani, yatafunika ardhi na kuongopa. Mimi natumia gunia kuukuu la katani. Unene wake unakaribia kipimo hicho, na rangi yake inahitaji rangi ya maji kidogo tu iwe kati ya kijani na manjano. Nalikata kwa mipaka ya mashamba na silibandiki. Nalishikiza kwa pini ndogo, kwa sababu rai ya saa 5 asubuhi haikuwepo jioni. Kikosi kizima cha wapanda farasi kikipita, na mizinga, na kikosi kingine nyuma yake, shamba linakuwa mkeka. Kanuni yetu ni kwamba kipande kikishapitwa na vikosi vitatu kinang'olewa. Kikiwepo, askari wa miguu waliomo ndani hawaonekani kuanzia mita 50, ila aliye juu ya farasi anaona vichwa.

Vita nyingine, msimu mwingine. Austerlitz ilikuwa tarehe 2 Desemba 1805, mashamba yakiwa matupu, na mabwawa ya Satschan yameganda. Mabwawa hayo leo hayapo, yalikaushwa. Yaweke, lakini usiandike kanuni ya kuzamisha maelfu ya Warusi humo. Maji yalipoondolewa ilipatikana miili michache sana, na hadithi ya maelfu ilikuwa ya kumtukuza mshindi. Ukienda Wagram ya 1809, usichukue Danube ya leo. Mto ule ulinyooshwa miaka ya 1870, wakati Napoleon aliukuta umejaa matawi na visiwa, na kisiwa cha Lobau ndicho kilikuwa ngazi yake ya kuvukia.

Matope

Usiku wa kuamkia vita mvua ilipiga bila huruma. Asubuhi ardhi ilikuwa laini kiasi kwamba kusogeza mizinga kulikuwa mateso, na risasi ya mzinga iliyotakiwa kudunda na kuendelea kuua ilijizika ilipoangukia. Kwetu hakuna haja ya maelezo marefu: luseni, ule udongo wa kichanga, ikinyeshewa unapita baada ya saa moja, mbuga ikinyeshewa gari linalala humo. Napaka rangi mbili tu, ya kahawia nzito kwa mabonde na mashamba yaliyolimwa, nyepesi kwa migongo inayokauka mapema. Kwenye ile nzito mizinga inakwenda nusu mwendo, na risasi haidundi mpaka saa 8 mchana. Barabara ya Brussels kwenda Charleroi ilikuwa imetandikwa mawe, kwa hiyo juu yake kila kitu kinatembea kawaida.

Majengo na njia ya Ohain

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Ua wa La Haye Sainte ulikuwa na upana wa kama mita 50, na hiyo ni sentimita 2. Shamba zima, lenye ukuta na ghala ambalo Meja Baring na Wajerumani wake kama 400 wa upande wa Wellington walilishikilia mpaka jioni, lazima liingie kwenye nusu ya kiberiti. Ukinunua kijumba kizuri cha sentimita 8 umejenga ngome ya mita 200, umeziba bonde lote, na Wafaransa hawana pa kupita. Nachonga majengo kwa vipande vya boksi jeupe jepesi linalofungiwa minofu ya samaki, milimita 6 kwenda juu, nayapaka chokaa na paa jekundu. Ng'ambo ya barabara usisahau shimo la mchanga walimojificha wapiga risasi wa Kiingereza.

Hougoumont ni kinyume chake, ni eneo la mamia ya mita, na watu hulibana likawa nyumba moja. Lina makazi, bustani yenye ukuta, bustani ya matunda, na kusini yake msitu. Ule msitu leo haupo. Bila msitu Wafaransa wanaona ukuta tangu mbali na kuupiga kwa mizinga. Kukiwa na msitu wanapenya miti, wanatokea kwenye uwazi wa hatua chache tu, na ukuta wenye matundu ya bunduki uko usoni mwao. Chora mpaka wa msitu kwa rangi, miti iwe ya kuondolewa ili vibao viingie. Na ile barabara kubwa ya kisasa inayozunguka Brussels, inayopita magharibi karibu na hapo, ifute kwenye data pamoja na matuta yake.

Njia ya Ohain inapita juu ya mgongo. Ilikuwa imezama kama njia zetu za ng'ombe zinavyochimbika kwa kwato na mvua mpaka kuwa makorongo. Riwaya moja mashuhuri ya Kifaransa ya 1862 iliigeuza kuwa shimo lililomeza wapanda farasi kwa mamia, na tangu hapo wengi wanaichonga kama mfereji kutoka mwanzo hadi mwisho. Igawanye kwa vipande. Karibu na njia panda ilikuwa na kingo zenye kina, mashariki yake ilikuwa na ua mnene wa miti pande zote, kama minyaa iliyozunguka boma la Kisukuma, na kwingine ilikuwa njia tu. Kila kipande nakipa alama yake pembeni. Kwenye njia panda weka mti mmoja mkubwa. Wellington alikuwa akisimama karibu nao, na waliutoa 1818 kwa sababu watu walikuwa wanaumaliza kwa kubandua magome ya kumbukumbu.

Ukimaliza, paka vanishi isiyong'aa mara mbili, mara ya pili baada ya siku nzima. Unyevu wa ziwa unavimbisha boksi ambalo halijafunikwa, na mgongo ulioupigania kwa majalada utainuka wenyewe.

Tuliucheza uwanja huu wa tatu mwezi uliopita. Mwendesha bajaji alikuwa Wellington tena. Safari hii hakuuliza kilima. Alichukua vibao vyake kimoja kimoja, akavilaza nyuma ya mstari wa penseli, akaacha mizinga michache tu ukingoni. Fundi, ambaye alikuwa Mfaransa, akapiga magoti sakafuni, akaweka shavu mezani hapo La Belle Alliance, akafumba jicho moja. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Wako wapi?" akauliza.